Kueleza Ndiko Kuelewa: Semina na Ripoti ya Teknolojia ya Shahada ya Kwanza kwa Lugha ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmejiuliza imekuwaje mwanaisimu apewe jukwaa hili ili azungumzie semina za wanafunzi wa uhandisi na kompyuta. Jibu langu ni fupi. Semina ni tendo la lugha. Mwanafunzi wa teknolojia husoma, hupima, huchora na kukokotoa. Lakini siku anaposimama mbele ya wenzake na wahadhiri wake, na siku anapokabidhi ripoti yake, kinachotahiniwa ni uwezo wake wa kueleza kwa maneno jinsi kitu fulani kinavyofanya kazi na kwa nini kinafanya kazi hivyo.

Mhadhara huu una madhumuni mawili. Kwanza, unakusudia kueleza hatua za kuandaa semina ya teknolojia katika shahada ya kwanza, kuanzia uteuzi wa mada hadi kujibu maswali ya hadhira, pamoja na uandishi wa ripoti inayoambatana nayo. Pili, unakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo yote yaweza kufanywa kwa Kiswahili, na kwamba hata pale ambapo kanuni za chuo zinataka ripoti ya Kiingereza, kuipitisha kazi katika Kiswahili ni kipimo cha kweli cha uelewa wa mwandishi wake. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki hufundisha teknolojia kwa Kiingereza, na sikuja hapa kuomba mtaala ubadilishwe kesho asubuhi. Ninalodai ni jambo dogo zaidi, nalo ni zito: mwanafunzi asiyeweza kuieleza kazi yake kwa lugha anayoimudu zaidi bado hajaielewa, hata kama ripoti yake ina kurasa 40 na jalada gumu.

Ili mjadala wetu usielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo unahusu ujumbe mfupi wa simu na neno moja la Kiswahili ambalo kila mmoja wetu analijua: ng'ombe.

2.0 Semina ni nini?

Neno "semina" limetumika mno katika jamii yetu hata likachujuka. Kuna semina elekezi, kuna semina ya siku tatu yenye posho, na kuna semina ya kiroho. Katika muktadha wa chuo kikuu, semina ya shahada ya kwanza ni zoezi ambalo mwanafunzi huchagua swali moja la kitaaluma, hulichunguza kwa kusoma na kwa kupima, huandika alichokipata, kisha hukieleza mbele ya watu wanaoruhusiwa kumhoji.

Maelezo hayo yana sehemu nne, na ikikosekana mojawapo, semina imepwaya. Pasipokuwa na swali, kinachobaki ni maelezo ya jumla yanayopatikana katika kitabu chochote cha mwaka wa kwanza. Pasipokuwa na uchunguzi, inabaki nakala ya kazi za wengine. Pasipokuwa na maandishi, hakuna kinachoweza kurejewa na kusahihishwa, nasi tunajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na pasipokuwa na maswali, semina inakuwa hotuba.

Ni vema pia kuitofautisha semina na mradi wa mwaka wa mwisho. Katika mradi, mwanafunzi hutarajiwa kuunda kitu: programu, saketi au kifaa. Katika semina, hutarajiwa kukieleza kitu ambacho aghalabu kimekwisha kuundwa na wengine. Wapo wanafunzi wanaoidharau semina kwa sababu hiyo. Wanasahau kwamba kuieleza kazi ya mwingine kwa usahihi, bila kuipunguza wala kuitia chumvi, ni stadi ambayo mhandisi ataitumia maisha yake yote kazini.

3.0 Kutoka kwenye mada pana hadi kwenye swali

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi katika semina hutokea kabla ya mwanafunzi kuandika hata sentensi moja. Huchagua mada kama "Mawasiliano ya Simu za Mkononi", "Usalama wa Mitandao" au "Akili Unde na Mustakabali wa Afrika". Hizi si mada za semina. Ni majina ya maktaba nzima. Mwanafunzi mwenye miezi mitatu na dakika 20 za kuzungumza hawezi kuzifikia kingo zake, hivyo hulazimika kupaka rangi juu juu.

Tuchukue mada ya ujumbe mfupi. Historia yake inajulikana: ujumbe wa kwanza ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa kumi kuhusu historia hiyo, mwenendo wa mitandao na faida za mawasiliano kwa jamii, na asiwe amesema jambo lolote lililohitaji akili yake. Tumtake aibane mada hiyo hatua kwa hatua. Badala ya "ujumbe mfupi", aseme "urefu wa ujumbe mfupi". Badala ya hapo, aseme "urefu wa ujumbe mfupi unaoandikwa kwa Kiswahili". Hatimaye afikie swali: Kwa nini ujumbe wa Kiswahili wenye alama 120 huhesabiwa wakati fulani kuwa ujumbe mmoja, na wakati mwingine kuwa ujumbe miwili, ilhali maneno ni yale yale?

Hilo ni swali la semina. Lina jibu, jibu lake linaweza kupimwa, na kuna mtu nje ya chuo anayelihitaji. Shirika linalowatumia wafugaji bei za minada kwa simu hulipa kwa kila ujumbe unaohesabiwa. Tuseme lina wafugaji 10,000: ikiwa ujumbe mmoja unageuka kuwa miwili, linalipia 20,000 badala ya 10,000, na hakuna mfugaji aliyepata habari zaidi kwa ongezeko hilo.

Namshauri mwanafunzi afanye jaribio dogo kabla ya kumpelekea msimamizi mada yake. Aiandike kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni, kisha amsomee mtu asiyesomea taaluma hiyo: ndugu, jirani au mwenye nyumba. Ikiwa msikilizaji hakuelewa kinachoulizwa, mada haijaiva.

4.0 Kusoma na kupima

Baada ya kupata swali, mwanafunzi huingia katika usomaji. Hapa inafaa asome akiwa na kalamu mkononi na aandike kwa maneno yake mwenyewe. Akikuta ukurasa unaoeleza utendaji wa jambo, aufunge, aeleze alichosoma katika daftari lake kwa Kiswahili, kisha aufungue tena alinganishe. Njia hii ina manufaa mawili. Huonyesha papo hapo mahali ambapo uelewa umekatika, na humkinga mwandishi na wizi wa kitaaluma, kwa kuwa hawezi kunakili sentensi ya Kiingereza anapoandika kwa Kiswahili. Wizi wa kutafsiri upo, bila shaka, nao ni wizi. Lakini hata mwizi huyo hulazimika kwanza kuelewa anachokiiba.

Tuone mfano wetu ukielezwa kwa njia hiyo. Ujumbe mfupi mmoja katika mtandao wa simu una nafasi ya baiti 140. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo nafasi yote ni biti 1,120. Jedwali la kawaida la herufi la mfumo wa GSM huipa kila alama biti 7. Tukigawanya 1,120 kwa 7 tunapata 160, na hapo ndipo ulipotoka ule ukomo wa alama 160 ambao watumiaji wengi wa simu wameuzoea. Jedwali hilo lina herufi zote zinazotumika katika Kiswahili sanifu, tarakimu na alama nyingi za uakifishi, pamoja na ritifaa iliyonyooka, ambayo ndiyo tunayoihitaji katika maneno kama ng'ombe, ng'oa na ng'ambo.

Lakini iko ritifaa nyingine, ile iliyopinda kama mkia wa koma. Programu nyingi za uandishi, na kibodi za baadhi ya simu, huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi, kwa sababu iliyopinda hupendeza zaidi katika chapa. Ritifaa iliyopinda haimo katika jedwali la biti 7. Alama moja tu isiyokuwamo katika jedwali hilo inapoingia, ujumbe wote husimbwa upya kwa utaratibu unaoipa kila alama biti 16. Tukigawanya 1,120 kwa 16 tunapata 70. Yaani kwa sababu ya kijialama kimoja katika neno ng'ombe, nafasi ya alama 160 imeshuka hadi 70.

Ujumbe unapozidi ukomo huo, hukatwa vipande, na kila kipande hutoa baiti 6 kwa ajili ya maelezo yanayoiwezesha simu ya mpokeaji kuviunga tena. Zinabaki baiti 134, ambazo hutosha alama 153 katika usimbaji wa biti 7, au alama 67 katika usimbaji wa biti 16. Ujumbe wetu wa alama 120 ulioingia katika njia ya biti 16 sasa unahitaji vipande 2, na ule wa alama 160 unahitaji vipande 3.

Yote hayo yanaweza kupatikana kwa kusoma. Kupima ni jambo jingine. Mwanafunzi aandae ujumbe uleule katika hali mbili, mmoja ukiwa na ritifaa iliyonyooka na mwingine iliyopinda, na asibadilishe kitu kingine chochote. Autume kwa simu za aina mbalimbali na kwa mfumo wa kutuma ujumbe kwa wingi, kisha aandike idadi ya vipande iliyohesabiwa kila mara. Atagundua, kwa mfano, kwamba baadhi ya mifumo huirudisha ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma, kwa hiyo tatizo halitokei. Tokeo la namna hiyo halimharibii hoja yake. Humwezesha kusema ni wapi kanuni inafanya kazi na ni wapi imezuiwa, na ndiyo thamani ya kupima badala ya kunukuu.

5.0 Suala la istilahi

Wanaopinga matumizi ya Kiswahili katika teknolojia husema kwamba istilahi hazipo. Naomba turejee katika aya zilizotangulia. Nimetumia maneno "baiti", "biti", "jedwali la herufi", "kusimba", "ukomo", "kipande" na "mfumo". Mawili kati ya hayo ni maneno yaliyotoholewa. Yaliyobaki ni ya Kiswahili cha kila siku yaliyopewa kazi mahususi. Sehemu kubwa ya maelezo ya kiteknolojia haitegemei istilahi adimu. Hutegemea vitenzi vya kawaida vilivyotumiwa kwa uangalifu: kutuma, kupokea, kukata, kuunga, kugawanya, kulinganisha. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi na minyambuliko yake, na teknolojia, ukiitazama kwa karibu, ni elimu ya vitendo.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya Jambo OpenOffice, ambayo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili, kutokana na mradi ulioshirikisha chuo hicho hicho. Sisi wa isimu tumefika mbali zaidi. Tunaandika tasnifu nzima kwa Kiswahili, tukitumia istilahi kama fonimu, mofimu, kirai na kishazi, ambazo wakati fulani zilionekana ngeni na za kuchekesha. Hazikukubalika kwa sababu ya kuwamo katika kamusi. Zilikubalika kwa sababu vizazi vya wanafunzi vilizitumia katika semina, vikazikosoa na kuzizoea.

Tatizo halisi la istilahi zetu ni wingi usiopangwa. Kifaa kilekile huitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Taaluma ileile huitwa akili unde, akili mnemba na akili bandia. Mwandishi wa ripoti hana mamlaka ya kuumaliza mgogoro huo, lakini ana wajibu wa kutoungiza katika maandishi yake. Napendekeza kanuni tatu. Kwanza, achague istilahi moja kwa kila dhana na asiibadilishe hadi mwisho wa ripoti, hata kama masikio yake yanatamani kisawe. Kurudiarudia neno ni kasoro katika insha ya kisanaa lakini ni uaminifu katika ripoti ya kiufundi. Pili, kila istilahi aifafanue kwa sentensi kamili pale inapotokea kwa mara ya kwanza. Tatu, anapolazimika kutohoa neno, alifuatishe matamshi ya Kiswahili na alipe ngeli yake, ili liweze kuishi katika sentensi. Neno lisilokubali upatanisho wa kisarufi ni mgeni ambaye hajakaribishwa ndani.

Mwishoni mwa ripoti aweke faharasa fupi ya istilahi 10 hadi 20 alizotumia. Ukurasa huo mmoja utamsaidia mwanafunzi wa mwaka unaofuata kuliko kurasa nyingi za utangulizi.

6.0 Uandishi wa ripoti

Ripoti ya semina ina umbo linalofahamika: ukurasa wa jina, ikisiri, utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho na marejeo. Idara hutofautiana katika mpangilio, na mwanafunzi hana budi kufuata mwongozo wa idara yake. Ninalotaka kulisisitiza ni kazi ya kila sehemu, kwa sababu nyingi za ripoti tunazozisahihisha zina sehemu zote lakini sehemu hizo hazifanyi kazi.

Ikisiri husomwa mwanzo, ila huandikwa mwisho. Katika maneno yasiyozidi 200 iseme swali, njia, tokeo na maana ya tokeo hilo. Ikisiri isemayo "ripoti hii inajadili masuala mbalimbali yanayohusu ujumbe mfupi" haijasema kitu. Ikisiri isemayo "ujumbe wa Kiswahili wa alama 160 ulihesabiwa kuwa vipande 3 ritifaa ilipokuwa imepinda, na kipande 1 iliponyooka" imemheshimu msomaji na muda wake.

Mapitio ya maandishi si orodha ya nani alisema nini. Ni maelezo ya kile kinachojulikana tayari, yakipangwa kwa mantiki ya swali. Sehemu ya mbinu iandikwe kwa namna ambayo mwanafunzi mwingine anaweza kurudia jaribio bila kumpigia simu mwandishi. Matokeo yawekwe katika jedwali lenye kichwa na namba, na kila jedwali litajwe ndani ya matini. Jedwali lisilotajwa popote ni pambo. Mjadala ueleze sababu za matokeo pamoja na mipaka yake. Katika mfano wetu, mwandishi hana budi kusema kwamba alama chache, kama mabano ya mraba, huchukua nafasi mbili hata katika usimbaji wa biti 7, na kwamba Kiswahili kinachoandikwa kwa hati ya Kiarabu kiko nje ya jedwali hilo, kwa hiyo huanza moja kwa moja na ukomo wa alama 70.

Kuhusu marejeo, wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawakuwa na orodha ya vitabu akilini, lakini maneno yao yanatufaa. Kila dai la mwandishi lazima liwe na mahali pa kurudi, ama katika chanzo kilichosomwa, ama katika jaribio lililofanywa. Onyo hili limepata uzito mpya tangu ChatGPT ilipotolewa hadharani mwishoni mwa mwaka 2022. Programu za namna hiyo zinaweza kumwandikia mwanafunzi ripoti yenye sura nzuri kwa muda mfupi, na zinaweza pia kubuni vitabu na makala ambazo hazijapata kuandikwa, zikazipa waandishi na miaka ya kuchapishwa. Sisemi mwanafunzi asizitumie kabisa. Idara itaweka kanuni zake. Nasema kwamba programu haikushika simu aliyoitumia mwanafunzi, haikuona idadi ya vipande iliyohesabiwa, na haitasimama mbele ya watahini siku ya uwasilishaji. Chanzo ambacho mwandishi hakukifungua kwa macho yake kisiingie katika orodha.

7.0 Uwasilishaji

Tuchukulie kwamba mwanafunzi amepewa dakika 20. Mgawanyo ufaao ni dakika 3 za kueleza tatizo, dakika 10 za kueleza jinsi jambo linavyofanya kazi, dakika 4 za matokeo na dakika 3 za hitimisho. Wengi hufanya kinyume. Hutumia dakika 10 kwa usuli na historia, kisha mwenyekiti anapoinua kadi ya onyo hukimbilia matokeo kama abiria aliyechelewa boti. Hadhira hutoka ikijua mwaka ambao teknolojia ilianza bila kujua mwanafunzi aligundua nini.

Slaidi kumi zatosha kwa muda huo. Kila slaidi ibebe jambo moja. Slaidi iliyojaa aya ndefu huwalazimisha wasikilizaji kuchagua kati ya kusoma na kusikiliza, na mzungumzaji anayesoma slaidi zake neno kwa neno huwa amewapa mgongo wageni wake. Katika mfano wetu, slaidi ya msingi ingekuwa na michoro miwili tu: mstari uliogawanywa katika visanduku 160, na mstari wa urefu huohuo uliogawanywa katika visanduku 70. Msikilizaji akiona michoro hiyo ameelewa nusu ya semina kabla ya mzungumzaji kufungua kinywa.

Onyesho la moja kwa moja lina nguvu kubwa, lakini liwe na mbadala. Umeme hukatika, projekta hugoma, na mtandao huwa mzito saa ileile unapohitajika. Mzungumzaji aliyejiandaa huwa na picha za skrini alizohifadhi, na huweza kuchora hoja yake ubaoni kwa chaki. Kama hawezi kuichora ubaoni, basi alikuwa akiitegemea projekta imfikirie.

Mazoezi yafanywe kwa sauti, kwa kusimama, na mbele ya mtu. Napendekeza zoezi la kwanza lifanywe kwa Kiswahili mbele ya msikilizaji asiye mtaalamu, hata kama semina yenyewe itakuwa kwa Kiingereza. Katika lugha ya kigeni, ni rahisi kujificha nyuma ya msemo uliokaririwa. Katika lugha yetu, msikilizaji hukatiza na kusema, "Hapo sijakuelewa, rudia." Neno hilo "rudia" lina faida kuliko pongezi zote atakazopata mwanafunzi baadaye.

8.0 Maswali na majibu

Sehemu ya maswali huogopwa kuliko zote, ilhali ndiyo inayoitofautisha semina na usomaji wa hadharani. Mwanafunzi asikilize swali hadi mwisho, alirudie kwa ufupi ili wote walisikie, kisha ajibu lililoulizwa na si lile alilotamani kuulizwa. Asipojua, aseme hajui, na aeleze angelitafutaje jibu. Watahini wazoefu hawashangazwi na kutojua. Hushangazwa na jibu refu lisilo na kitu ndani.

Maswali mengi yanaweza kutabiriwa. Je, kwa nini mitandao isitumie biti 16 kwa kila ujumbe? Je, jambo hili lina maana gani kwa simu zinazotuma ujumbe kwa njia ya intaneti? Je, si rahisi zaidi kuandika "n'gombe" au kuiacha ritifaa? Swali hili la mwisho linaonekana dogo, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Yako maandishi ya simu yaliyokwisha kuiacha ritifaa, yakaandika "ngombe". Lakini ng'oa na ngoa ni maneno mawili yenye maana tofauti: la kwanza ni kutoa kitu kilichoshika mahali pake, la pili ni wivu au tamaa. Mhandisi anayependekeza tuifute ritifaa ili kuokoa gharama anapendekeza lugha ibadilike ili mfumo upumzike. Mhandisi anayependekeza mfumo uisahihishe ritifaa kabla ya kutuma ameelewa ni nani anapaswa kumtumikia nani. Pendekezo hilo la pili, kwa ufundi wake, ni jambo la mistari michache ya programu.

9.0 Hitimisho

Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo tunaipokea kwa furaha, na kila mwaka tunaiadhimisha kwa ngoma na hotuba. Hata hivyo, lugha haikui kwa maadhimisho pekee. Hukua pale inapotakiwa kubeba mzigo mpya na ikaubeba. Kila ripoti ya teknolojia inayoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata ikiwa ni ikisiri ya ukurasa mmoja mbele ya ripoti ya Kiingereza, ni mzigo mmoja uliobebwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara yoyote bila bajeti mpya. Kila ripoti ya semina iwe na ikisiri ya Kiswahili pamoja na faharasa ya istilahi zilizotumika. Kila uwasilishaji uwe na dakika 2 ambazo mwanafunzi ataeleza kazi yake kwa Kiswahili kwa mtu asiye mtaalamu. Na faharasa hizo zikusanywe kila mwaka na kupelekwa kwa wenzetu wa idara za Kiswahili, ili istilahi zitoke kwa wanaozitumia badala ya kuwangojea wasiozihitaji.

Nawageukia sasa wanafunzi mlioko katika safu za nyuma. Mtakapomaliza chuo, wengi wenu mtafanya kazi na watu ambao hawatasoma ripoti zenu za Kiingereza: karani wa zahanati anayeingiza takwimu, wakala wa fedha kwa simu, katibu wa chama cha ushirika, mfugaji anayengoja bei ya mnada. Mifumo mtakayoiunda itafaulu au itakwama kutokana na jinsi watu hao watakavyoielewa. Semina ni mahali pa kwanza mnapopewa nafasi ya kujizoeza kuzungumza nao. Itumieni.